Oksijeni Unayovuta Haiigusi Sukari

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu upumuaji wa seli ni nini, atakuandikia mlinganyo bila kusita: molekuli moja ya glukosi na sita za oksijeni zinaingia, sita za kabonidayoksaidi na sita za maji zinatoka, na nishati inapatikana. Kwa hesabu hajakosea. Tatizo ni picha inayobaki kichwani, kwamba oksijeni huingia ndani ya seli, huikuta sukari, huiunguza, na kabonidayoksaidi tunayoitoa puani ndiyo moshi wake. Katika safari nzima ya sukari hakuna hata hatua moja ambapo oksijeni ya hewani hukutana nayo. Kaboni zote sita hung'olewa bila oksijeni kuziona. Yenyewe imekaa mwisho kabisa wa foleni, ikisubiri kupokea elektroni ambazo zimeshatumika.

Jambo hilo likikaa sawa, mengine yanayoonekana hayahusiani nalo huanza kueleweka: kwa nini muhogo mchungu unaua, kwa nini drip ya glukosi inaweza kumdhuru mlevi, kwa nini kuna vidonge vya kupunguza unene ambavyo humpika mtu akiwa hai.

Tuanze na hesabu ya nishati. Gramu 180 za glukosi, yaani moli moja, zina takriban kilojuli 2,870 zinazoweza kufanyishwa kazi. Ukizitupa motoni zote zinatoka kwa mkupuo kama joto, na seli haina namna ya kutumia mkupuo wa aina hiyo. Inachohitaji ni ATP, molekuli ambayo fosfeti yake moja ikikatwa hutoa kilojuli 30.5 kwa moli katika hali sanifu ya maabara, na karibu 50 katika mazingira halisi ya ndani ya seli. Glukosi ni noti ya elfu kumi mbele ya muuza kiberiti: thamani ipo, lakini bila kuvunjwa chenji hainunui kitu. Na chenji yenyewe haikai. Mwili wa mtu mzima una ATP isiyozidi robo kilo kwa wakati wowote, lakini kwa siku moja hutengeneza na kuvunja kiasi kinachokaribia uzito wake mzima.

Hatua za mwanzo hufanyika kwenye saitoplazimu, nje ya mitokondria (vyumba vidogo vya ndani ya seli ambamo nishati nyingi hutengenezwa), kwa mabadiliko kumi yanayofuatana, kila moja na kimeng'enya chake, yaani protini inayoliharakisha. Seli huanza kwa kutoa mtaji. Kimeng'enya heksokinesi hubandika fosfeti kwenye kaboni ya sita ya glukosi, na ATP moja inakwenda. Glukosi yenye fosfeti haiwezi tena kurudi nje kwa mlango ilioingilia. Fosfofruktokinesi hubandika fosfeti ya pili, ATP ya pili inakwenda, na hapa ndipo penye breki kuu: ATP ikijaa ndani ya seli kimeng'enya hiki hupunguza kasi, ikipungua hukaza mwendo. Kisha molekuli hupasuliwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu, na kila kipande hunyang'anywa elektroni mbili zinazochukuliwa na mbebaji aitwaye NAD⁺, ambaye akishabeba huitwa NADH.

Hapo ndipo wengi wanapotelezea. Kuoksidishwa ni kupoteza elektroni, na anayezipokea si lazima awe oksijeni. Kazi yote ya kuoksidisha sukari hufanywa na NAD⁺ pamoja na mwenzake FAD. Mwisho wa hatua hizi kumi seli imetumia ATP mbili, imepata nne, faida ni mbili. Ina NADH mbili, na glukosi imekuwa piruvati mbili.

Seli nyekundu za damu huishia hapa. Hazina mitokondria kabisa, kwa hiyo zinabeba oksijeni maisha yao yote bila kutumia hata chembe. Seli nyingine zikikosa oksijeni hukwama kwa sababu ambayo si ya moja kwa moja: NAD⁺ ni wachache, na wote wakishabeba elektroni bila pa kuzitua, kazi husimama. Msuli hujinasua kwa kuzitupia piruvati ikawa lakteti. Hamira hufanya hivyo kwa njia nyingine, ikatoa kilevi na kabonidayoksaidi, na ndiyo sababu ya busaa kuwa busaa na unga wa maandazi kuumuka. Faida inabaki ATP mbili tu. Lakteti, kwa njia, imesingiziwa sana. Makocha bado wanawaambia wakimbiaji kwamba ndiyo inayowauma mapaja siku ya pili, ilhali huwa imeshaondoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili baada ya mazoezi. Moyo huitumia kama mafuta, ini huigeuza kuwa glukosi tena.

Oksijeni ikiwepo, piruvati huingia mitokondria na kukutana na lango ambalo vitabu vya shule hulipitia kwa sentensi moja. Lango hilo ni piruvati dihaidrojinesi, mkusanyiko mkubwa wa vimeng'enya vitatu vinavyofanya kazi kwa pamoja. Hung'oa kaboni moja ya piruvati ikatoka kama kabonidayoksaidi, huchukua elektroni mbili kwa ajili ya NADH, na kipande cha kaboni mbili kinachobaki hukibandika kwenye koenzaimu A, mbebaji wa vipande vya namna hiyo. Kazi hiyo haifanyiki bila vitamini B1, yaani thiamini. Mtu mzima anahitaji miligramu moja na kitu kwa siku, na akiba ya mwili mzima ni miligramu 30 hivi, ambayo huisha kwa wiki mbili tatu. Mlevi wa kupindukia asiyekula, mgonjwa aliyetapika wiki nzima, au mtu aliyeishi kwa mchele mweupe uliokobolewa sana anaweza kufika hospitali akiba yake ikiwa imekauka. Ukimtundikia drip ya glukosi peke yake, piruvati hurundikana langoni, hugeuka lakteti, damu inakuwa tindikali, na ubongo, ambao hutegemea sukari kuliko kiungo kingine, ndio unaoumia kwanza. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo hupewa sindano ya thiamini kabla ya glukosi au pamoja nayo.

Vitamini nyingine za kundi B zimo katika kazi hii hii. NAD hutengenezwa kwa B3, FAD kwa B2, koenzaimu A kwa B5. Hizi ni zana, hazina nishati ndani yake. Makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu yanayojisifia vitamini B hayasemi uongo, ila aliye nazo za kutosha akiongezewa nyingine atazikojoa.

Kile kipande cha kaboni mbili huingia kwenye mzunguko uliopewa jina la Hans Krebs. Alikuwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1937, akifanya kazi na msuli wa kifua cha njiwa uliosagwa, msuli unaotumia oksijeni kwa kasi kubwa sana. Kilichomshtua ni kwamba sitreti, yaani asidi ya limau, ikiongezwa kidogo, oksijeni iliyotumika ilizidi ile ambayo sitreti yenyewe ingehitaji kuisha. Maana yake sitreti ilikuwa hailiwi ikaisha, ilikuwa inarudi. Njia inayorudi ilipoanzia ni duara. Jarida la Nature lilimrudishia barua yake, akachapisha kwenye Enzymologia, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Fritz Lipmann, aliyegundua koenzaimu A.

Duara lina hatua nane. Kipande cha kaboni mbili huungana na oksaloasetati yenye kaboni nne, sitreti yenye kaboni sita inazaliwa, kaboni mbili zinang'olewa kama kabonidayoksaidi, na oksaloasetati inarudi mwanzo. Kila mzunguko hutoa NADH tatu, FADH₂ moja (yaani FAD aliyekwisha kubeba elektroni), na ATP moja au ndugu yake GTP. Kwa glukosi moja duara huzunguka mara mbili.

Sasa hesabu kaboni. Mbili zilitoka langoni, nne zimetoka kwenye duara. Jumla sita. Sukari imekwisha, na mpaka hapa oksijeni uliyovuta haijaingia popote. ATP iliyopatikana moja kwa moja ni nne tu.

Lakini kabonidayoksaidi sita zina atomi kumi na mbili za oksijeni, na glukosi ilikuwa na sita. Sita nyingine zimetoka kwenye maji, mengine yakiingia duarani moja kwa moja, mengine kupitia fosfeti. Kwa hiyo mlinganyo wa kweli una maji pande zote mbili: glukosi moja, maji sita na oksijeni sita huzaa kabonidayoksaidi sita na maji kumi na mawili. Vitabu hufuta maji sita kila upande ili upendeze, na kwa kufuta huko hufuta habari yenyewe. Oksijeni ya hewani yote huishia kwenye maji. Gramu 180 za glukosi hula gramu 192 za oksijeni na kuacha, ukiondoa yaliyotumika, gramu 108 za maji mapya, yaani zaidi ya nusu gramu kwa kila gramu ya sukari. Choroa wa nyika kavu huyategemea maji ya namna hii.

Maji hayo huingia damuni, na humo atomi zake za oksijeni hubadilishana na zile za kabonidayoksaidi kwa kasi sana. Wanasayansi wameutumia ubadilishanaji huo kupima nishati anayotumia mtu bila kumfungia chumbani: anakunywa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa. Haidrojeni nzito hutoka kwa njia ya maji tu, oksijeni nzito hutoka kwa maji na kwa pumzi, na tofauti ya kasi hizo mbili hueleza kabonidayoksaidi iliyotengenezwa. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima hivyo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi walitumia nishati kwa siku karibu sawa na wakazi wa miji ya Marekani.

Turudi kwenye elektroni. Nishati ya sukari sasa iko kwenye NADH kumi na FADH₂ mbili, na zote zinatua mizigo kwenye utando wa ndani wa mitokondria, wenye mikunjo mingi. Humo mna protini nne kubwa zenye namba I hadi IV. NADH hutua kwenye I, FADH₂ kupitia II. Elektroni hupita kutoka protini moja hadi nyingine, kila mpokeaji akizivuta kwa nguvu kuliko aliyemtangulia, na katika kila mvuto nishati kidogo inaachiwa. Nishati hiyo husukuma protoni, yaani haidrojeni zilizopoteza elektroni zao, kutoka ndani ya mitokondria kwenda nje ya utando: nne kwenye I, nne kwenye III, mbili kwenye IV. Protini ya II haisukumi hata moja, ndiyo maana FADH₂ ina thamani ndogo kuliko NADH.

Mwisho wa mnyororo ni protini ya IV, sitokromu oksidesi. Ndani yake kuna atomi ya chuma na atomi ya shaba zinazotazamana, na katikati yake ndipo molekuli ya oksijeni inapokamatwa. Elektroni huletwa moja moja, na oksijeni huhitaji nne ili iwe maji mawili. Oksijeni iliyopata moja au mbili tu ni sumu inayotafuna utando na DNA, kwa hiyo kimeng'enya hiki hakiiachii mpaka zote nne zimefika. Kinaishika vizuri kiasi kwamba hufanya kazi hata shinikizo la oksijeni ndani ya seli likishuka hadi milimita chache za zebaki, wakati kwenye mapafu ni kama 100.

Protoni zilizosukumwa nje zinataka kurudi. Tofauti ya umeme kwenye utando ni milivolti 150 hadi 180, ambayo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba utando una unene wa nanomita 5 hivi. Hizo ni volti milioni 30 kwa mita. Njia ya kurudi ni kupitia kimeng'enya ATP sinthesi, ambacho kina gurudumu halisi ndani ya utando na mhimili unaozunguka nalo. Kwa wanyama gurudumu lina sehemu nane, protoni nane hulizungusha mara moja, na kila mzunguko hutoa ATP tatu. Wazo kwamba protoni ndizo kiungo kati ya elektroni na ATP lilitolewa na Peter Mitchell mwaka 1961, likapingwa kwa miaka mingi, likampa Nobel mwaka 1978. Watafiti wa Japani mwaka 1997 walibandika uzi wa protini unaong'aa kwenye mhimili huo wakauona kwa macho yao ukizunguka chini ya hadubini.

Ukishajua protoni ngapi zinasukumwa na ngapi zinatumika, pamoja na moja inayolipia kuingiza fosfeti, NADH moja huzaa takriban ATP 2.5 na FADH₂ moja takriban 1.5. Kumi kwa 2.5 ni 25, mbili kwa 1.5 ni 3, ongeza zile nne: 32. Elektroni za NADH mbili za saitoplazimu zikiingizwa mitokondria kwa njia ya gharama zaidi, kama inavyotokea kwenye baadhi ya misuli, jumla inakuwa 30. Namba 38 iliyomo vitabuni ilitokana na kudhani kwamba NADH ni ATP tatu kamili. Mwenye mtihani aandike anachotaka msahihishaji. Kwa namba 32 na ATP ya kilojuli 30.5, seli inaokoa theluthi moja ya nishati ya sukari, na kwa thamani halisi ya ndani ya seli inavuka nusu. Inayobaki ndiyo joto lako.

Kuna namna mbili za kuharibu mwisho huu. Ya kwanza ni kuutoboa utando. Kemikali iitwayo dainitrofeno, DNP, hubeba protoni na kuzirudisha ndani bila kupitia ATP sinthesi. Elektroni zinaendelea kukimbia, oksijeni inaliwa kwa kasi zaidi, mafuta yanayeyuka, ila nishati yote inakuwa joto. Mwaka 1933 madaktari wa Stanford waliitangaza kuwa dawa ya unene, na ilipofika 1938 ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku Marekani baada ya vifo na upofu wa mtoto wa jicho. Bado inauzwa kwa siri mtandaoni. Haina dawa ya kuizimua, na parasetamoli haisaidii kwa sababu homa hiyo haikuanzia kwenye ubongo, imeanzia kwenye kila mitokondria. Mtoto mchanga hufanya jambo hilo hilo kwa kipimo, kwa protini maalumu iliyomo kwenye mafuta ya kahawia ya mgongoni na shingoni, na ndivyo anavyojipasha moto bila kutetemeka.

Namna ya pili ni kuziba. Kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani huziba zaidi mapema, kwenye himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo huishika kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Sianidi huziba pale pale kwenye chuma cha sitokromu oksidesi. Damu ina oksijeni tele, mapafu ni mazima, lakini elektroni hazina pa kwenda. NADH haiwezi kutua, duara la Krebs linasimama ingawa lenyewe halitumii oksijeni, na seli inarudi kwenye ATP mbili badala ya 32. Damu ya vena inaweza kubaki nyekundu ng'avu kwa sababu hakuna aliyeichukua oksijeni yake.

Muhogo hauna sianidi tayari. Una linamarini, kemikali iliyoifungia sianidi ndani yake, na mahali pengine ndani ya mmea ule ule kuna kimeng'enya linamaresi. Seli zikipasuka vinakutana, na sianidi inatoka. Muhogo mtamu hutoa chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo, mchungu unaweza kupita 400. Ini lina njia ya kuisafisha kwa kuibandika salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa au maharage yuko mbali na hatari kuliko anayeula mtupu. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona, ulielezwa Kwango nchini Kongo mwaka 1938, ukazuka Nampula nchini Msumbiji mwaka 1981 na Tarime nchini Tanzania miaka ya 1980, kila mara pale ukame au njaa ilipowaachia watu muhogo mchungu peke yake na kuwafanya waharakishe maandalizi.

Kuharakisha ndiko kunakoua, na sababu ni ya kikemia. Linamarini inavumilia moto, linamaresi haivumilii. Ukichemsha kipande kizima cha muhogo mchungu unaua kimeng'enya na kuibakiza sumu. Ukianika makopa juani yakakauka upesi, maji yanaisha kabla vitu viwili havijakutana vya kutosha. Kuloweka mihogo iliyomenywa siku tatu hadi nne mpaka ilainike hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa vijidudu vya uchachu hupasua seli. Kisamvu lazima kitwangwe kabla ya kuchemshwa kwa sababu hiyo hiyo, na sufuria iachwe wazi, maana sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu na itaondoka na mvuke.

Kwa unga ambao umeshasagwa na hujui ulivyoandaliwa, njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia haihitaji kifaa. Changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze kwenye sinia au mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga kinaamka, kinamaliza linamarini, na sianidi inapaa. Ukitandaza kwa unene wa kiganja, ya chini haitoki. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, kwa sababu unga uliolowa ukilala utachacha.